Kufunga sola ya kujitegemea inayoendana na kazi yako, kuanzia kwenye karatasi mpaka kuwasha

Watu wengi wakianza habari za sola swali la kwanza ni "paneli ya wati ngapi itanitosha?" na hapo ndo mambo yanapoanza kwenda kombo, maana hakuna fundi anayeweza kukujibu kabla hajajua huo umeme unataka ufanye nini, saa ngapi, na kwa muda gani. Zile seti zilizopangwa tayari ni nzuri kwa taa na simu, lakini ukiwa na kazi yako maalum, iwe kuvuta maji, kupoza vitu, kuendesha intaneti usiku kucha au kupeleka umeme shambani, inabidi upime mwenyewe kama fundi cherehani anavyokupima kabla hajakata kitambaa. Hapa naongelea mfumo usiounganishwa na gridi kabisa, jua likizama unabaki na kile ulichohifadhi basi.

Hatua ya 1: andika matumizi yako yote

Chukua karatasi, andika kila kifaa, wati zake, na saa ambazo kinawaka kwa siku. Wati mara saa unapata wati-saa, zile zinazoandikwa Wh, na hizo ndo pesa ya mfumo mzima, kila kitu tunachofanya baadae ni kuzitafuta na kuzitunza.

Tuchukue mfano. Taa 4 za LED za wati 7 zikiwaka saa 5 ni Wh 140. Simu 3, kila moja tuseme Wh 15 kwa chaji, ni 45. Laptop ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Feni ya DC, yaani inayotumia umeme wa aina ya betri, ya wati 30 kwa saa 6 ni 180. Friji ndogo ya DC iliyopimwa ikala Wh 400 kwa siku. Na ruta ya intaneti wati 10 tu, lakini haizimwi, kwa hiyo 10 mara 24 ni 240. Umeona hapo? Kale kasanduku kanakokaa kimya ukutani kanakula kuliko taa zote za nyumba. Vitu vinavyowaka muda wote ndo vya kuangalia kwanza hata kama wati zake ni ndogo, na hiki watu wengi wanakiruka kabisa.

Jumla yetu ni Wh 1,205.

Kuhusu friji usiamini sana lebo yake, kwa sababu kompresa inawaka na kuzima, na joto la chumba linabadilisha kila kitu. Kama ni friji ya AC, yaani ya umeme wa kawaida wa ukutani, tafuta kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi, iache hata siku mbili ukiwa unaitumia kawaida na kufungua mlango kama ulivyozoea, alafu soma. Kama ni ya DC tumia mita ya ampea-saa.

Hatua ya 2: punguza kabla hujanunua chochote

Hii mimi naithamini kuliko zote. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa DC wa betri kuwa AC, ikiwa imewashwa, hata kama hujachomeka kitu, inakula yenyewe. Inveta inayokula wati 15 bila mzigo ukiiacha siku nzima ni Wh 360, yaani karibu theluthi ya mahitaji yetu yote pale juu, imeliwa na kifaa ambacho hakijafanya kazi yoyote! Sasa angalia orodha vizuri: taa, feni, ruta, simu na friji ndogo vyote vinaweza kwenda na DC moja kwa moja toka kwenye betri. Inabaki laptop na labda kutoboa na drili siku mojamoja. Basi weka mistari miwili, mmoja wa DC unaowaka muda wote, mwingine wa inveta yenye swichi ambayo unawasha ukihitaji na kuzima ukimaliza.

Ila ruta ya volti 12 usiichomeke moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 ukidhani ni sawa, betri ya lithiamu ikiwa inachajiwa inaweza kupanda mpaka volti 14.6 na vifaa vingine havivumilii. Weka konveta ndogo ya DC inayotoa volti 12 kamili, ni kitu kidogo sana na kinaokoa ruta yako.

Alafu ongeza asilimia 25 kwa ajili ya kinachopotea kwenye nyaya, betri na inveta. 1,205 mara 1.25 ni kama Wh 1,500. Hii ndo namba tunayotembea nayo.

Hatua ya 3: paneli

Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa maabara, kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati mchana seli zinafika nyuzi 60 kirahisi, na kila nyuzi moja inayozidi 25 inakunyima kama asilimia 0.3 mpaka 0.4, ongeza na vumbi, kwa hiyo hesabu kwamba utapata kama asilimia 80 ya kilichoandikwa.

Kingine, saa za jua sio saa za mchana. Tunahesabu saa za jua kali, yaani jua la siku nzima likikusanywa kama vile lingekuwa kwenye ukali wa juu muda wote, na kwa sehemu nyingi ni kati ya 3 na 6 kutegemea mwezi. Chukua mwezi wako mbaya kuliko yote, usichukue wastani wa mwaka, maana wastani hauwashi taa wakati wa mawingu. Tukichukua saa 4: 1,500 gawa kwa 4 ni wati 375, gawa tena kwa 0.8 unapata kama 470. Kwa hiyo paneli mbili za wati 250.

Zielekeze upande wa ikweta, ukiwa kusini mwa ikweta ziangalie kaskazini, ukiwa kaskazini ziangalie kusini, na mwinamo uwe karibu na nyuzi za latitudo yako. Walio karibu na ikweta wasizilaze chini kabisa, ziinamishe angalau nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi, paneli iliyolala inabaki na tope kwenye ukingo wa chini na ile mistari ya tope ni kivuli.

Kivuli ni adui kweli. Paneli ya kawaida ya seli 60 imegawanywa makundi matatu, kila kundi lina diodi yake ya kupitishia umeme pembeni, kwa hiyo jani moja likifunika seli moja vizuri unaweza kupoteza theluthi nzima ya paneli sio ile seli peke yake. Kabla ya kutoboa bati panda pale juu asubuhi, mchana na jioni uangalie kivuli cha mti, mlingoti wa antena, tenki, chochote. Na uache nafasi ya hewa kama sentimita 10 kati ya paneli na bati, zitapoa na zitatoa zaidi.

Hatua ya 4: betri

Betri za asidi usizishushe chini ya nusu kama unataka zidumu. Lithiamu ya chuma na fosfeti, ile LiFePO4, unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi na inavumilia mizunguko maelfu. Kwa mfano wetu betri ya lithiamu ya volti 25.6 yenye ampea-saa 100 ina Wh 2,560 (volti mara ampea-saa), ukitumia asilimia 80 unapata kama 2,050, hiyo ni siku moja na theluthi bila jua kabisa. Kwa asidi ungehitaji betri 4 za volti 12 ampea-saa 100 ili upate kitu kinacholingana, nzito, na zinataka chumba chenye hewa kwa sababu zikichajiwa zinatoa haidrojeni ambayo inalipuka. Ukiweza kifedha nenda na lithiamu, mimi nalisema hili bila kusita.

Lithiamu ina mambo yake mawili. Lazima iwe na BMS, ile saketi ya ndani inayolinda seli zisizidi wala kushuka mno, na haitakiwi kuchajiwa seli zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo sehemu za baridi kali iweke ndani au tafuta yenye hita. Kusoma volti yake pia hakusaidii sana kujua imebaki kiasi gani, volti inakaa palepale kwa muda mrefu alafu inadondoka ghafla, hivyo funga shanti, kipande cha kupimia umeme unaopita, na mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Hatua ya 5: volti ya mfumo na kontrola

Kwa nini nimechagua volti 24 (ile betri ya 25.6 ndo inahesabiwa ya 24) na sio 12? Kwa sababu ya nyaya. Wati zilezile kwa volti mara mbili zinapita kwa nusu ya ampea. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, umbali wa mita 5, yaani mita 10 kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.029. Ukipitisha ampea 20 kwenye volti 12 unapoteza volti 0.58, karibu asilimia 5. Kazi hiyohiyo kwenye volti 24 ni ampea 10, unapoteza volti 0.29 tu ambayo ni asilimia 1.2. Waya uleule, umbali uleule. Mfumo mdogo kabisa wa taa na simu volti 12 inatosha, ukishavuka wati elfu moja hivi nenda 24, na ikiwa kubwa zaidi ya elfu tatu nenda 48.

Kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri na kusimamia chaji, chukua aina ya MPPT inayotafuta yenyewe volti ambayo paneli inatoa nguvu nyingi, zile aina za PWM zinaishusha paneli mpaka kwenye volti ya betri na kinachozidi kinapotea bure. Paneli mbili za 250 ukiziunga siriesi, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine ili volti zijumlike, kila moja ina volti kama 38 bila mzigo, jumla 76, na asubuhi ya baridi inapanda zaidi, kwa hiyo kontrola ya volti 100 inatosha na inabaki na nafasi. Hiyo namba ya volti usiicheze, ukizidisha ampea za paneli kontrola nyingi zinajipunguza zenyewe lakini ukizidisha volti unaiua papo hapo. Ampea: wati 500 gawa kwa 25 ni 20, chukua ya ampea 30.

Hatua ya 6: nyaya, fyuzi na viungio

Hapa nataka uende taratibu, maana moto mwingi wa sola unaanzia hapa na sio kwenye paneli.

Fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda waya, ndo kazi yake. Betri ikipigwa shoti inatoa ampea mamia mpaka maelfu papo hapo, kwa hiyo fyuzi kuu iwekwe karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, ndani ya sentimita 20 hivi, kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 24 inavuta kama ampea 46, zidisha kwa 1.25 unapata fyuzi ya 60, na waya uwe wa milimita za mraba 16 na mfupi iwezekanavyo. Kila mstari unaotoka uwe na fyuzi yake ndogo inayolingana na waya wake.

Breka za AC za ukutani usizitumie upande wa DC. Umeme wa AC unapita sifuri mara 100 kwa sekunde ukiwa wa hezi 50 kwa hiyo cheche inajizima yenyewe, DC haipiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka inayeyuka. Tafuta iliyoandikwa DC na volti zake, na uangalie alama za chanya na hasi maana nyingine zina upande. Vilevile thamostati za hita na birika zilizotengenezwa kwa AC, ukizipitishia DC mguso wake unagandana na haizimi tena.

Sasa lagi, vile vichwa vya shaba mwisho wa waya. Usibane kwa plaizi wala nyundo, azima koleo la kubania la haidroliki, lenye umbo la pembe sita, menya waya mpaka shaba ijaze lagi yote bila uzi hata mmoja kubaki nje, bana, alafu vuta kwa nguvu zako zote. Ukishawasha mzigo mkubwa chukua multimita, weka kwenye milivolti, ncha moja igusishe kwenye lagi, ncha nyingine kwenye waya wenyewe uliomenywa hapo nyuma yake. Ukisoma milivolti 5 au 10 kiungio ni safi. Ukisoma 200 huku zinapita ampea 40, hiyo ni wati 8 za joto ndani ya kitu chenye ukubwa wa ncha ya kidole, kwa nje kinaonekana kizima kabisa lakini plastiki itaanza kubadilika rangi na mwisho wake ni moto. Zima, kata, bana upya. Kipimo hiki kinachukua dakika moja kwa kila kiungio na hakuna jicho linaloweza kufanya kazi hiyo.

Viungio vya MC4 vya paneli tumia vya aina moja pande zote, vinaweza kuingiana vikiwa vya watengenezaji tofauti lakini visigusane vizuri ndani. Na usivichomoe jua likiwa kali na mzigo unapita.

Hatua ya 7: kuwasha kwa mpangilio

Vua pete na saa ya chuma, zungushia spana zako tepu ya umeme. Pima kila paneli peke yake juani, volti zilingane na zilizoandikwa nyuma, na uhakikishe chanya ni chanya kweli. Alafu unganisha betri kwenye kontrola KWANZA ili iitambue volti ya mfumo, weka aina ya betri kwenye mipangilio, ndipo uunganishe paneli. Ukizima unafuata kinyume chake, paneli kwanza alafu betri. Mzigo wa mwisho ni inveta, na ikiruka cheche ndogo pale unapogusisha waya mara ya kwanza ni kapasita zake, vile vihifadhi umeme vya ndani, zinajaa, tumia rezista ya kujazia taratibu kama ni kubwa.

Fremu za paneli na boksi la inveta unganisha na ardhi. Baada ya saa moja ya kazi nzito pitisha mkono karibu na kila kiungio, kinachotoa joto kuliko wenzake ndo cha kurudia.

Kazi zenyewe, baadhi ninazozipenda

Kuvuta maji ndo inayofaa kuliko zote, kwa sababu haihitaji betri kabisa. Jua likiwaka pampu inavuta, maji yanakaa kwenye tenki juu na usiku unafungua bomba tu. Hesabu: mita za ujazo mara urefu wa kupandisha kwa mita mara 2.725 unapata Wh. Lita 5,000 kupanda mita 20 ni 5 mara 20 mara 2.725, kama Wh 272, lakini pampu ndogo nyingi zinafanya kazi kwa asilimia 35 mpaka 40, kwa hiyo panga 700 mpaka 780. Paneli ya 250 kwa saa 4 za jua kali na lile punguzo la asilimia 20 inakupa 800. Paneli moja, pampu ya DC, kontrola ya pampu yenye kielea cha kuzima tenki likijaa na kihisi cha kuzima kisima kikikauka, basi. Hiki cha kisima usikiache maana pampu ikizunguka kavu inakufa haraka.

Friza la kufunguliwa juu kuligeuza friji nayo ni kazi nzuri sana. Unaweka thamostati ya nje, kihisi chake unakining'iniza katikati, unapanga nyuzi 3 au 4. Mlango ukifunguliwa juu hewa baridi haimwagiki kama kwenye friji ya kusimama, na kuta zake ni nene, kwa hiyo matumizi yanashuka sana. Jaza chupa za maji pembeni, weka taima kompresa ifanye kazi zaidi mchana, usiku zile chupa zinashikilia baridi. Ubaya wake unyevu unakusanyika chini, weka kitambaa na ukifute kila baada ya siku kadhaa. Friza hilo ni la AC kwa hiyo hapa inveta ya sainwevu safi, inayotoa mawimbi laini ya umeme kama ya gridi, ni lazima, na kumbuka kompresa inayokula wati 80 inaweza kudai mara tano au zaidi ya hapo sekunde ile inapoanza.

Boksi la kubeba: betri ya volti 12.8 ampea-saa 20, hiyo ni Wh 256, kontrola ndogo, fyuzi, USB mbili, soketi ya 12V na paneli ya wati 60 ya kukunja. Inatosha taa za mnada wa usiku, spika, kuchaji mashine ya kunyolea, kamera. Funga betri isicheze ndani na utoboe matundu ya hewa upande wa kontrola.

Na kuna umeme unaopotea kila siku bila watu kujua. Betri ikijaa saa 7 mchana kontrola inaanza kuikataa paneli, jua lote la alasiri linapita bure. Huo ndo muda wa kufua kwa mashine, kupika kwenye jiko la presha la umeme kama inveta inaruhusu, kuchaji betri za drili. Kontrola nyingi zina rilei, swichi inayojiwasha yenyewe, unayoweza kuipanga iwashe kitu betri ikifika kiwango fulani, ukishaifunga hiyo huhitaji hata kukumbuka.

Matunzo

Osha paneli asubuhi mapema kwa maji matupu, kioo kikiwa cha moto ukimwagia maji baridi kinaweza kupasuka. Kaza nati zote baada ya mwezi wa kwanza maana shaba inajilaza, baadae kila miezi sita. Betri za asidi ziongeze maji yaliyochujwa kwa mvuke, sio ya bomba. Chora mchoro wa mfumo wako wenye ukubwa wa kila fyuzi na kila waya uubandike ndani ya mlango wa boksi, ili hata mtu mwingine akija usiku na tochi ajue cha kuzima kwanza.

Ukitaka kukuza mfumo baadae anza na paneli kabla ya betri, zinaongezeka kirahisi ilimradi kontrola inaruhusu. Betri ya asidi mpya usiiunge na iliyozeeka, ya zamani inaivuta mpya chini na baada ya muda zote zinakuwa sawa na ile mbovu.